Somo: Kupanga sasipensheni ya mbele ya gari la zamani la dragi

Wakuu, wengi wakijenga gari la dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu), hela na akili zote huishia kwenye injini na ekseli ya nyuma. Mbele panaachwa pajijue. Lakini tairi za nyuma hushika lami kwa uzito, na sehemu ya uzito huo lazima ihame kutoka mbele gari linapochomoka. Somo hili ni la magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yenye springi za koili mbele, kama Camaro na Mustang.

Hatua ya 1: Maliza uchakavu. Piga jeki, weka stendi, tikisa kila gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Boljointi (kiungo cha mviringo cha gurudumu), tairodi (fimbo ya usukani) au beringi ikicheza, badilisha. Ukipima alaimenti (mkao wa magurudumu) kabla ya hapo, unapima ulegevu tu.

Bushi za mpira kaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mimi niliwahi kuzikaza magurudumu yakining'inia. Gari liliposhuka chini, mpira ulijisokota, pua ikakaa juu, nami nikazilaumu springi hadi bushi zilipochanika.

Hatua ya 2: Toa springi na shokomzoba, kisha inua mkono wa chini wa sasipensheni (chuma kinachoshikilia gurudumu) kwa nguvu zako mwanzo hadi mwisho. Uende laini. Ukikwama mahali, tafuta sababu. Angalizo: springi iliyobanwa inaua. Tumia kibanio chake, ifunge mnyororo kwenye chasisi, na usikae mbele yake.

Hatua ya 3: Springi. Hapa ndipo penye utamu. Unataka springi laini lakini ndefu, iliyobanwa sana ili kubeba gari. Chukua springi mbili, kila moja imebeba kilo 600. Ya kwanza ina ugumu wa kilo 10 kwa milimita, kwa hiyo imebonyea mm 60. Ya pili ina kilo 5 kwa milimita, imebonyea mm 120. Sasa zote zikitanuka mm 40: ile ngumu imebaki na msukumo wa kilo 200, ile laini bado ina 400. Ndiyo maana watu wa V8 walikuwa wakisaka springi za gari lile lile lenye injini nyepesi ya silinda sita.

Hatua ya 4: Shokomzoba. Zile za zamani za 90/10 (ukinzani asilimia 90 zikibonyea, 10 zikitanuka) hutanuka kwa urahisi na kugoma kubonyea, ili pua ipande upesi na kushuka taratibu. Kama zako zinarekebishika, anza na mtanuko uliolegea kabisa, kisha kaza kidogo kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa kila mbio, ukiangalia muda wa mita 18 za kwanza. Stabilaiza ya mbele (chuma kinachozuia bodi kulala upande) itoe, kama gari ni la uwanjani tu.

Hatua ya 5: Wekea kikomo upandaji wa pua. Mkono ukifika mwisho ghafla, unayanyanyua magurudumu kwa kishindo na tairi za nyuma zinashtuka.

Hatua ya 6: Alaimenti. Weka mifuko ya mchanga yenye uzito wako kwenye kiti. Kemba (mlalo wa gurudumu ndani au nje ukilitazama kwa mbele) karibu na sifuri. Kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) nyuzi 4 hadi 6 kama mikono itakuruhusu. Kiwandani magari haya mengi yalipewa kasta karibu na sifuri, na kwa mwendo mkali huo ni mchezo wa hatari. Ncha za mbele za magurudumu zielekeane ndani kwa mm 2 hivi.

Halafu fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulikwepa: inua pua mm 25, pima tena, mm 50, pima tena. Magurudumu yakianza kutazama nje kadiri pua inavyopanda, gari litayumba bila wewe kugusa usukani. Dawa ni kubadilisha kimo cha ncha ya nje ya tairodi kwa kuongeza au kupunguza washa (pete bapa za chuma), hadi vipimo vitulie.

MASWALI

— Fundi, nimekata springi mzingo mmoja ili pua ishuke. Nimeilainisha?

Hapana kaka, umeifanya ngumu zaidi. Mizingo ikipungua, ugumu hupanda. Tafuta nyingine.

— Shokomzoba za 90/10 naweza kuendea nazo kazini kila siku?

Usithubutu. Kwenye mashimo zinatanuka na kukataa kurudi, gari linabaki limesimama kama jogoo na usukani unaelea.

— Gari langu linanyanyua gurudumu la mbele kushoto peke yake na kuvuta kulia. Nikaze springi ya kushoto?

Usiguse mbele, dada. Hiyo ni nguvu ya injini inayolipindua bodi. Weka stabilaiza nyuma, au mfuko wa hewa kwenye springi ya nyuma kulia.

— Mimi nina Dodge Dart ya tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), haina koili. Nifanyeje?

Umebahatika: boliti ya kurekebisha ipo tayari, kimo unapanga kwa spana. Kumbuka tu kwamba kila ukiigusa, alaimenti imebadilika, kwa hiyo Hatua ya 6 unairudia yote.