Shoka lenye taji: jinsi ya kujua ni la lini

Hapa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, chuma hakitupwi. Shoka au tezo ya babu hubadilishwa mpini, ikaendelea kuchonga mbao za jahazi. Ndiyo maana vyuma vya ukumbusho vya enzi za wakoloni bado vimo masandukuni mwetu, na wenyewe huniletea wakitaka kujua ni vya lini. Mwaka uliogongwa ni wa sherehe. Umri wa chuma unatafutwa kwenye chuma chenyewe.

Kwanza, tafadhali, usikitie msasa wala mashine. Kwenye hewa yetu ya chumvi, herufi zimeshaliwa vya kutosha. Kiloweke kwenye maji ya mvua, uyabadilishe kila siku, kisha ukikaushe vizuri juani. Kutu iliyolegea itoe kwa mafuta ya taa na brashi laini ya shaba. Baada ya hapo ingia chumba chenye giza, uilaze tochi ubavuni mwa chuma ili mwanga upite juujuu. Nina shoka moja ambalo mchana halina kitu. Kwa tochi hutokeza G na R (George Rex, yaani Mfalme George), V ya tano ya Kirumi katikati, taji juu, na 1911 chini. Huo ni mwaka aliotawazwa George wa Tano wa Uingereza.

Taji litazame sana. La wafalme wa 1901 hadi 1952 matao yake yameviringa juu. La Elizabeth wa Pili limebonyea katikati. Ukikuta 1910–1935, hiyo ni jubilii ya George huyohuyo. Tarakimu za Kiarabu huenda zikawa Hijria: 1329 ilianza Januari 1911.

Ukikuta jina la Edward wa Nane na tarehe 12 Mei 1937, shika vizuri. Edward aliacha ufalme Desemba 1936 na siku ile akatawazwa ndugu yake, kwa hiyo vitu vya namna hiyo vilianza kutengenezwa kabla ya tarehe vilivyoandikwa.

Sasa geuza makali. Mashoka mengi ya zamani yana mstari mahali chuma cha pua kilipoungwa na chuma laini, na kutu ikila ule ulaini hufunua nyuzi kama za boriti iliyopasuka. Nyuzi hizo zikiwapo, moyo wangu hutulia. Mshono wa kalibu, vitundu vidogovidogo na herufi zenye kingo butu vinanitia shaka: hicho kimemiminwa, na pengine ni nakala. "Made in West Germany" ni baada ya 1949, hata kiwe na kutu namna gani.

Kwa sheria ya Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitolewi nje bila kibali. Jubilii za Malkia Victoria zilikuwa 1887 na 1897, mmoja huku na mmoja kule. Shoka la 1887 lipeleke Makumbusho ya Lamu kabla hujapatana bei na mgeni.