Kurudisha Nyimbo Kutoka Kwenye Kicheza Muziki Hadi Kwenye Kompyuta

Kwa kawaida nyimbo hutoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye kicheza muziki, na waliotengeneza vifaa hivi hawakuijali sana safari ya kurudi. Hapa Dodoma, hata hivyo, mara nyingi safari hiyo ndiyo inayohitajika: kompyuta ya zamani imekwisha kuharibika au kuuzwa, na nakala pekee ya mazoezi ya kwaya, au ya ngoma za Kigogo zilizorekodiwa harusini Mvumi, imebaki ndani ya kifaa kidogo kilichosahauliwa kabatini. Kwa kuwa nakala ni moja tu, nakili kwanza kila kitu kama kilivyo, upange baadaye, na usifute chochote hadi mwisho wa kazi.

Kabla ya kuunganisha, kagua tundu la waya. Vumbi letu la kiangazi hujishindilia humo hadi waya usishike vizuri. Liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Kifaa kikichaji lakini kompyuta isikione, badilisha waya kwanza, kwani nyaya nyingi za bei nafuu hupitisha umeme tu bila data. Tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, na uhakikishe ina nafasi ya kutosha: wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 4, hivyo kifaa cha gigabaiti 4 kinaweza kuwa na nyimbo zipatazo 1,000.

Vicheza muziki vya kawaida vya MP3 havina usumbufu. Vingi hujitokeza kwenye kompyuta kama fleshi, nawe unafungua folda ya muziki, unachagua yote kwa Ctrl+A, unanakili kwa Ctrl+C na kubandika kwa Ctrl+V katika folda mpya. Angalia pia folda zenye majina kama RECORD au VOICE, kwa sababu sauti zilizorekodiwa na kifaa chenyewe hazikai pamoja na nyimbo. Usitumie Ctrl+X, ambayo huhamisha badala ya kunakili. Mimi niliitumia siku moja kwa haraka, waya ukachomoka katikati ya kazi, na baadhi ya nyimbo za mjomba wangu sikuzipata tena upande wowote.

Ikiwa kifaa kimewahi kuchomekwa kwenye kompyuta nyingi za vibandani, huenda ukakuta vialama vya njia za mkato tu mahali pa folda zako. Hiyo ni kazi ya kirusi, na mara nyingi nyimbo zipo ila zimefichwa. Usibofye vialama hivyo; safisha kifaa kwa programu ya kuzuia virusi, kisha ulazimishe kompyuta kuonyesha vilivyofichwa. Kwenye Windows 10 fungua menyu ya View na uweke alama kwenye Hidden items. Kwenye Windows 11 pitia View, kisha Show. Vikiwa bado havionekani, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukiweka herufi ya kifaa chako mahali pa E.

iPod ndiyo inayowatesa wengi. Apple iliitoa mwaka 2001 na kusitisha uzalishaji wake mwaka 2022, lakini bado zipo mikononi mwa watu. Hatari yake kubwa ni kwamba ukiiunganisha na kompyuta isiyo yake, iTunes, programu ya Apple ya kupanga muziki, inaweza kukuuliza kama ifute yaliyomo ili ilingane na maktaba ya kompyuta hiyo. Kataa. Ni salama zaidi kushikilia Ctrl na Shift unapochomeka waya, au Command na Option kwenye Mac, ili ulinganishaji usijianzishe wenyewe. Vilevile, iPod iliyoandaliwa kwenye Mac haisomeki kwenye Windows, na kompyuta ikipendekeza kuiformati, yaani kuifuta yote na kuiandaa upya, kataa tena na utafute Mac.

iPod isipojitokeza kama diski, kwa zile zenye gurudumu la kubofya (Click Wheel), bonyeza Menu pamoja na kitufe cha katikati hadi nembo ya Apple ionekane, kisha ushikilie mara moja kitufe cha katikati pamoja na cha kucheza. Onyesha vilivyofichwa kama ilivyoelezwa, au kwa Command, Shift na nukta kwenye Mac, ufungue iPod_Control, halafu Music. Humo kuna folda za F00, F01 na kuendelea, zenye mafaili ya majina yasiyosomeka kama QJXB.mp3. Usishtuke, na usianze kuyapanga ukiwa humo. Nakili folda nzima ya Music. Njia hii haifai kwa iPod touch, ambayo haionyeshi nyimbo zake kwa namna hiyo.

Jina la wimbo na la mwimbaji kwa kawaida vimeandikwa ndani ya faili lenyewe. Kwenye Windows, programu ya bure ya Mp3tag huvisoma na kubadilisha majina ya mafaili yote kwa mkupuo: chagua mafaili, bonyeza Alt+1, uandike %artist% - %title%. Fanya hivyo kwenye nakala iliyo kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kifaa.

Baada ya hapo linganisha idadi ya mafaili ya pande zote mbili, sikiliza machache hadi mwisho, uweke nakala ya pili kwenye fleshi au diski ya nje, ndipo uondoe kifaa kwa njia salama. Rekodi za kwaya na za ngoma mara nyingi hazina maelezo yoyote ndani yake, na hakuna programu itakayokubunia. Keti na mmoja wa waliokuwapo, msikilize pamoja, na uandike jina la wimbo, la kijiji na la anayeanzisha kabla hujahamia faili linalofuata.