Kutengeneza sabuni ya kufulia kwa mafuta ya chipsi yaliyochoka

Mafuta yaliyokaangia chipsi siku nyingi hayafai tena kuliwa, na yakimwagwa mtaroni huganda na kuziba mabomba. Kwa mtengenezaji mdogo wa sabuni, hata hivyo, hayo ni malighafi, mradi ajue kilichomo ndani ya dumu.

Kwa hiyo kazi huanzia kwa muuza chipsi. Mpe dumu lake lenye kifuniko na andiko, kisha umsihi asichanganye humo kitu kingine chochote, hasa mafuta ya injini. Mafuta ya injini hayageuki sabuni hata yakitiwa kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kiasi gani, kwa kuwa asili yake ni mafuta ghafi ya ardhini, na dumu lililochanganyika hivyo halisafishiki kwa kuchujwa. Likatae, hata kama umelifuata mbali.

Mafuta safi yapashe moto kidogo, yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yaoshe: kwa kila lita 1 tia nusu lita ya maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha chumvi, koroga, na uyaache yatulie usiku kucha. Maji na chembe za viazi zitazama. Teka mafuta ya juu, uyapashe tena kwa moto mdogo hadi yaache kutoa povu, ishara ya kwamba maji yamekwisha.

Vipimo vyote viwe vya mizani, kamwe visiwe vya kikombe. Kwa kila kilo 1 ya mafuta ya alizeti au ya mawese pima gramu 128 za kostiki soda na gramu 330 za maji. Kiasi hicho huacha karibu asilimia 5 ya mafuta ya alizeti bila kugeuka, na ya mawese zaidi kidogo. Ni akiba ya kulinda ngozi ya mfuaji.

Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji kidogo kidogo. Usimimine kamwe maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Vyombo vya chuma cha pua au plastiki ngumu vinafaa. Maji ya kostiki na mafuta vyote vikishuka hadi nyuzi 40 hivi, vichanganye na kukoroga hadi viwe vizito kama uji, umimine kwenye kalibu. Kata miche baada ya siku 1 au 2, uiache ikauke wiki 4 hadi 6.

Viwanda vikubwa hutenga gliserini, kimiminika kizito kinachotokea mafuta yanapogeuka sabuni, ambayo ni takriban asilimia 10 ya uzito wa mafuta, kwa kutia chumvi, kisha huvukiza maji yaliyo ndani yake na kuirudisha chumvi kazini. Wewe huna haja ya mtambo huo: katika njia hii gliserini hubaki ndani ya sabuni na kuifanya iwe laini kwa mikono.

Beseni lenye mabaki lisioshwe siku ileile. Kesho yake mabaki yatakuwa sabuni, na maji ya kulisuuzia yatafaa kusafishia sakafu ya karakana. Vipande vilivyokatika vibaya vikwangue na kuviyeyusha kwa maji kidogo pamoja na toleo lijalo. Mche unaochoma mikono hata baada ya wiki 6 una kostiki iliyozidi. Usiuuze, ukwangue, uupashe na mafuta safi uliyoyapima, na uupe tena wiki zake za kukauka.