Bajeti ya kusaidia jamii kwenye kampuni kongwe ya bima Karibiani: anza na mapaa

Kampuni za bima kule Karibiani zingine ni za zamani sana jamani, Barbados Mutual ambayo leo ni Sagicor ilianza 1840, miaka miwili tu baada ya watu kuachiwa kabisa utumwani, na mpaka 2002 wenyewe wa kampuni walikuwa ni wateja. Kwahiyo ukikabidhiwa hii kazi ya kupanga hela ya kusaidia jamii usiifanye kama unagawa zawadi, hiyo hela imetoka kwa wananchi hao hao.

Kabla hujapaka rangi shule yoyote nenda kwanza kwa watu wa madai. Uliza mteja anasubiri siku ngapi kulipwa, nani yuko zamu kimbunga kikishapita na simu zimekata. Kimbunga Ivan kilipopiga kisiwa cha Grenada 2004 karibu nyumba 9 kati ya 10 ziliharibika, hasara ikapita mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima, sasa fikiria kampuni inapiga picha inagawa maji ya chupa wakati wateja wake wamelala nje wakisubiri fidia. Hapana, lipeni madai kwanza.

Halafu mapaa, na hapa ndo weka hela nyingi. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, kwahiyo kazi ifanyike Januari mpaka Mei, sio mwezi wa nane watu wameshaanza kuangalia anga. Chagua kijiji kimoja, anza na wazee na wamama wanaolea peke yao, lipia fundi afunge kenchi na ukuta kwa vile vyuma maalum, mabati yafungwe kwa skrubu badala ya misumari, na nyumba inayoezekwa upya ipewe paa la pande nne maana upepo unalishika vibaya la pande mbili. Fundisha mafundi wa hapo hapo, hela ikiisha ujuzi unabaki. Waliopitia kimbunga Beryl kule Carriacou, kisiwa cha Grenada, Julai 2024 hawahitaji kuelezwa umuhimu wa hili.

Tukiwa kwenye nyumba, elimu ya bima yenyewe pia ni msaada. Mtu ana nyumba ya dola 200,000 kaikatia bima ya 100,000, ikiharibika kwa 40,000 anaweza kulipwa 20,000 tu kwa sababu alikatia nusu ya thamani, na wengi wanalijua hilo siku ya kimbunga, inauma sana. Tumeni mtu kanisani au sokoni aeleze kwa lugha ya watu, asiuze kitu siku hiyo.

Afya nayo, sukari na presha zinamaliza watu huko, viongozi wa CARICOM, ule umoja wa nchi za Karibiani, walikutana Port of Spain, Trinidad, 2007 kwa ajili hiyo. Mbio za hisani ni nzuri, ile ya Sagicor Sigma pale Kingston, Jamaica, ipo tangu 1999 na inachangisha hela za hospitali na watoto. Ila ukipima watu presha hakikisha aliyekutwa iko juu ana kliniki ya kwenda na kuna mtu wa kumpigia baada ya wiki mbili, kupima tu halafu ukaondoka ni kumwachia mtu hofu.

Ripoti kwa bodi iwe fupi. Disemba, msimu ukishaisha, rudi kwenye kile kijiji na fundi mpande juu mkague kila paa, hata yaliyong'oka yaandikwe, maana ndo mtajua skrubu ipi na chuma kipi cha kubadilisha Januari.