Kuandaa Siku ya Sanaa na Muziki kwa Wanafunzi wa Programu ya Likizo

Ziara nyingi huharibikia kwenye ratiba, hata kabla ya basi kuwashwa: majumba mawili ya sanaa asubuhi, la tatu mchana, onyesho la muziki usiku. Ikifika saa tisa alasiri miguu imekwisha, na onyesho lililokatiwa tiketi kwa taabu linaishia kuwa pahala pa kusinzia. Panga vituo viwili tu. Sanaa itangulie kwa kuwa hutazamwa kwa kusimama, muziki ufuate, na katikati waachie saa mbili za kula na kukaa chini.

Weka nafasi ya kikundi wiki nne hadi sita kabla. Uliza jumba linafunga siku gani (mengi hufunga Jumatatu), mwongozaji mmoja hupokea watu wangapi, mabegi yanaachwa wapi, basi lishushe mlango gani, na kama kuna lifti kwa asiyeweza ngazi. Wiki moja kabla, piga simu tena uhakikishe kwamba kazi ulizochagua bado zimetundikwa. Picha huazimwa na majumba mengine au hushushwa kwa matengenezo, na hakuna atakayekutafuta kukuarifu.

Wakiwa 40, gawa vikundi vinne vya watu kumi, kila kimoja na mtu mzima wake. Ongeza mtu mzima wa tano asiye na kikundi. Ndiye atakayebaki na mgonjwa au kumfuata aliyepotea; asipokuwepo, mtoto mmoja akitapika, wenzake tisa hukosa msimamizi. Hesabu vichwa kila mnapopanda basi, kila mnaposhuka na kila mnapotoka kwenye jengo. Usiulize "tupo wote?" Aliyepotea hawezi kujibu.

Kwenye jumba la sanaa, begi la mgongoni ni hatari kuliko mikono, maana mwenye begi akigeuka haoni linagusa nini. Liachwe mapokezi au livaliwe kifuani. Waandike kwa penseli, kwani wino ukidondokea kazi ni vigumu kuutoa bila kuidhuru. Waeleze mapema kwamba vyumba vingine vina giza kwa makusudi: michoro ya karatasi na vitambaa hupauka kwa mwanga, hivyo huangaziwa kwa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi tu. Wasipojua hilo watalalamika, kisha mmoja atawasha tochi ya simu.

Sasa idadi ya kazi. Utafiti uliofanywa Metropolitan Museum of Art, New York, na kuchapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba mtazamaji hukaa mbele ya kazi moja kwa wastani wa sekunde 27. Kwa hiyo chagua tano tu kwa dakika 75, kila moja dakika kumi: mbili za kutazama kimya, tano za kuchora, tatu za kuzungumza. Zinazobaki ni za kutembea na kungojana. Kibao cha maelezo kisomwe mwisho, kwa sababu aliyekisoma kwanza hutafuta yaliyoandikwa na kuacha mengine. Swali la "mmeipenda?" hujibiwa kwa neno moja. Uliza mwanga unatokea upande gani, au mchoraji alisimama wapi.

Kila kikundi kianzie kazi tofauti, vinginevyo watu 40 watarundikana mbele ya picha moja.

Ukumbini fikeni dakika 45 kabla ya kuanza, na wote wapitie chooni. Anayechelewa katika onyesho la okestra hungojeshwa nje mpaka kipande kiishe. Chagua viti vya ghorofa ya juu kama vipo: kutoka safu za mbele huonekana fidla na migongo ya viti, wakati juu huonekana ala zote. Watu wazima wakae kwenye ncha za safu, wasikusanyike pamoja kupiga soga. Wanafunzi wasikilize obo, ala ya kupuliza, ikitoa noti ya A, takriban mitetemo 440 kwa sekunde, na wengine wakijilinganisha nayo. Simfoni, yaani tungo ndefu za okestra, nyingi zina sehemu nne, na kimya cha katikati si mwisho. Wangoje kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, ashushe mikono na kugeuka ndipo wapige makofi.

Muziki wa spika kubwa una sharti lake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kwa kumbi na maonyesho ni wastani usiozidi desibeli 100, na hata hapo sikio huchoka upesi. Beba vizibo vya masikio kwa kila mwanafunzi, na kaeni mbali na spika. Masikio yakivuma baada ya onyesho, yalizidiwa.

Wazazi wape saa ya kurudi yenye nusu saa ya ziada. Watazamaji wakiwaita wanamuziki warudi jukwaani, dereva atangoja tu.