Nazi mbili, wali na samaki wa kupaka: somo la tui

Asalaam aleikum jamaa. Mmeniomba samaki wa kupaka, na karibu kila mtu anauliza viungo. Viungo mnavyo jikoni. Kinachowasumbua wengi ni tui: hulimimina lote kwa pamoja moto ukiwa mkali, mchuzi ukakatika, wali ukaelea mafuta juu na kubaki na kiini ndani. Kwa hivyo leo tunapika mlo mzima wa jioni wa watu 5 au 6 kwa nazi 2, kama tunavyopika hapa Lamu. Shikeni hili tu: tui la kwanza kukamuliwa ndilo la mwisho kuingia chunguni.

1. Nazi

Itikise sikioni. Nazi iliyokomaa maji yake yanacheza. Koroma bado imejaa, nyama yake laini, na ukiikamua unapata maji meupe yasiyo na mafuta. Tazama yale matundu 3: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Ukishavunja, onja maji yake. Yakiwa machachu, itupe, usiionee huruma.

2. Kukuna

Kaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sinia chini, anza kwenye ukingo ukizungusha kifuu pole pole. Ukianza kuona ile ngozi ya kahawia, acha. Ikiingia, tui linakuwa la kijivu.

Sokoni kuna mashine za kukunia na kwa shughuli kubwa ni msaada mkubwa. Nani atakuna nazi 60 kwa mkono? Lakini mashine haijui kuacha ngozi. Kwa nazi 2 nakuna mwenyewe baada ya alasiri. Nyumba za hapa zimebanana na jikoni kwetu ni juu, kwa hivyo mbuzi ya jirani naisikia kama yangu. Ikiendelea kukwaruza muda mrefu kuliko kawaida, najua kwao kuna wageni.

3. Kukamua

Tia maji ya vuguvugu vikombe 2. Maji baridi hayatoi mafuta vizuri. Finyanga kwa mkono hadi uhisi chicha (ile nazi iliyokunwa) imelegea na vidole vimepata utelezi, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, litafika vikombe 2 na nusu. Lifunike, liweke kando. Rudishia chicha maji vikombe 4, finya tena: tui jepesi hilo.

4. Samaki

Changu, tafi au kolekole, kilo moja hivi. Fungua mashavu uone wekundu, bonyeza nyama irudi. Mparue magamba, mtoe matumbo, mchanje pande zote mbili hadi karibu na mfupa. Msugue chumvi, ndimu, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi iliyopondwa, uingize na ndani ya michanjo. Nusu saa yatosha. Ukimwacha na ndimu muda mrefu, nyama inaanza kukakamaa kabla ya moto.

5. Mchuzi wa kupaka

Hapa ndipo pa kusimama. Chukua vikombe 2 vya tui zito, uweke kwenye moto mdogo pamoja na pilipili mbichi 2 na thomu mliyoponda, nusu kijiko cha chai cha manjano, na chumvi. Koroga bila kuondoka, upande mmoja. Likitaka kuchemka kwa nguvu, inua sufuria. Baada ya dakika 15 hivi litashika mwiko: ukipitisha kidole mgongoni mwake, mstari unabaki. Sasa ndipo utie maji ya ukwaju, robo kikombe, kidogo kidogo. Ukali ukitangulia, tui linakatika.

6. Kuchoma na kupaka

Makaa yawe yameshaiva, yasiwe na ndimi za moto. Paka wavu mafuta. Mchome samaki dakika 7 hadi 10 kila upande mpaka ngozi iachie wavu yenyewe, kisha anza kupaka kwa kijiko. Geuza, paka, geuza tena, hadi mchuzi ugande na kupata madoa ya kahawia. Unaobaki mmwagie kwenye sahani.

7. Wali

Mchele vikombe 3, uoshwe na kurowekwa nusu saa. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele. Likikauka, mimina ile nusu kikombe ya tui zito iliyobaki, geuza mara moja, funika, punguza moto chini na palia makaa juu ya kifuniko. Ukoko ni wa watoto.

Kabla sinia haijaandaliwa, kibakuli cha jirani hutoka kwanza. Kitarudi na kitu ndani, hata kama ni maembe mawili.

MASWALI

*Dada wa Malindi:* Bi, mchuzi wangu umekatika nilipotia ukwaju. Niutupe?

Usitupe, dada yangu, hauna ubaya wowote. Epua, tia vijiko 3 vya tui zito bichi, koroga kwa nguvu. Usiporudi sawa, upikie mbaazi, hautajulikana.

*Kijana anayeishi Nairobi:* Shangazi, mimi nina gesi na tui la pakiti, na chumba kimoja. Nitaweza?

Utaweza, mwanangu. Tui la pakiti lihesabu kuwa zito. La wali lizimue, kikombe 1 kwa maji vikombe 2. Soma pakiti usije ukanunua lenye sukari. Samaki mkaange kwa mafuta kidogo kwenye kikaango kizito hadi ngozi ikauke, kisha mpake humo humo. Harufu ya makaa utaikosa, na mimi singekuahidi vinginevyo.

*Mama wa Mokowe:* Wakati wa kusi samaki ni ghali, mashua haziendi mbali. Tupake nini?

Kuku, mama. Miezi ya 6 hadi 8 mimi hupaka kuku zaidi ya samaki. Mchemshe kwanza kwa tui jepesi mpaka akaribie kuiva, mkaushe, ndipo umchome. Mchuzi ni ule ule, ila ukwaju uongeze kidogo kwa sababu kuku ana mafuta yake.

*Dada wa Shela:* Naweza kukuna nazi za wiki nzima nikaweka?

Nazi iliyokunwa weka kwenye friza, mafungu ya mlo mmoja mmoja, uikamue siku ya kupika. Tui lenyewe usililaze nje. Kwa joto letu la kaskazi, la asubuhi jioni limeshachacha. Na chicha wape kuku.