Nyasi zikijisokota kwenye rotaveta
Wenzangu wa mashamba ya mpunga, nyasi zikijisokota kwenye visu vya rotaveta, ile mashine ya kulimia inayofungwa nyuma ya trekta, usishuke na panga huku injini inanguruma. Toa PTO (mtambo unaopeleka nguvu ya injini kwenye rotaveta), teremsha rotaveta iguse ardhi, vuta handibreki, zima, chomoa ufunguo utie mfukoni. Mfukoni kabisa, maana kuna utingo wenye haraka zao. Subiri visu vitulie. Ukilazimika kuingia chini yake, iinue uiwekee magogo imara. Haidroliki peke yake usiiamini.

Ile shafti ya PTO kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kanga au pindo la shati lililofumuka likinaswa, hata kupiga kelele huwahi. Kifuniko chake cha plastiki kikipasuka, nunua kingine kabla hujarudi shambani.